Koo za Waungwana wa Nürnberg na Matengenezo ya Kanisa

Utangulizi

Mwishoni mwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kuna orodha ya majina ya waliolitia sahihi. Wanafunzi wengi huipita orodha hiyo haraka, kwa kuwa fikira zao zimeshikwa na vifungu vya imani vilivyotangulia. Hata hivyo orodha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Hamna ndani yake jina la mchungaji hata mmoja. Luther hayumo, wala Melanchthon aliyeliandika Ungamo lenyewe hayumo. Waliotia sahihi ni watawala, yaani Mteule wa Saxony na wakuu wenzake. Na baada yao yamewekwa majina ya miji miwili, Nürnberg na Reutlingen.

Mji hauna mkono wa kushika kalamu. Iliposemwa kwamba Nürnberg imetia sahihi, maana yake ni kwamba baraza la mji huo limetia sahihi. Nalo baraza hilo lilikuwa mikononi mwa koo chache zilizokuwa zimetawala mji kwa vizazi vingi. Makala haya yanakusudia kueleza koo hizo zilikuwa za namna gani, zilipataje uwezo juu ya Kanisa, zilifanya nini Injili ilipohubiriwa upya, na Kanisa lilinufaika na kupungukiwa nini kwa kuwategemea watu hao. Jambo hili si la historia tu. Kila mtumishi anayekiri imani yake kwa Ungamo hilo amepokea urithi ambao ulipitia katika mikono ya wafanya biashara matajiri, na ni vema ajue ulipitaje.

1. Waungwana wa mji walikuwa nani?

Katika Ulaya ya Zama za Kati miji mingi mikubwa ilitawaliwa na tabaka dogo la familia zilizopata utajiri kwa biashara, zikaoana zenyewe kwa zenyewe, na kurithishana viti vya baraza. Huko Venice mlango wa Baraza Kuu ulianza kufungwa mwaka 1297, hata ikawa mtu hawezi kuingia ila kwa kuzaliwa katika ukoo uliokubaliwa. Huko Lübeck matajiri waliunda chama chao cha udugu mwaka 1379, na wengi wa watawala wa mji wakatoka humo.

Watu wa namna hii tunawaita hapa waungwana. Neno hilo si geni kwetu. Katika miji ya pwani kama Lamu na Pate, waungwana walikuwa watu wa koo za kale za mji, wenye nyumba za mawe na biashara ya baharini, waliochagua kwa uangalifu mkubwa watakaooana nao. Hatusemi kwamba mambo ya Ujerumani na ya pwani yalikuwa mamoja, maana dini, sheria na desturi zilitofautiana. Lakini neno hilo linatusaidia kuelewa watu ambao hawakuwa wafalme wala makabaila wa mashambani, bali heshima yao ilitokana na mji, mali na ukoo.

Nürnberg ulikuwa mji huru chini ya Kaisari, na ulipewa hati maalumu ya haki zake na Friedrich II mwaka 1219. Haukuwa na bandari wala mto mkubwa wa kupitisha merikebu, lakini ulikaa penye njia kuu za biashara. Koo za Tucher, Imhoff, Ebner, Haller, Holzschuher, Nützel, Stromer, Behaim na nyinginezo ziliuza na kununua viungo, nguo na madini kutoka Venice mpaka kaskazini ya Ujerumani. Ulman Stromer, mmoja wa watu wa koo hizo, alianzisha mwaka 1390 kinu cha kwanza cha karatasi katika nchi ya Ujerumani, naye aliandika kitabu cha habari za ukoo wake. Tendo hilo la pili linatuonyesha mawazo yao: fedha hupotea, lakini ukoo ulioandikwa hudumu.

2. Utawala wao ulivyosimikwa

Mwaka 1348 mafundi wa mji pamoja na watu wengine waliliondoa baraza la zamani na kuweka lao. Utawala huo haukudumu. Mwaka uliofuata Karl IV alilirudisha baraza la koo za kale, na tangu hapo vyama huru vya mafundi vilikatazwa Nürnberg. Katika miji mingine, kama Ulm na Strasbourg, vyama hivyo vilipata viti vya nguvu barazani. Huku Nürnberg kila kazi ya ufundi iliwekwa chini ya usimamizi wa baraza lenyewe.

Hatuwezi kuyataja mambo ya mwaka 1349 bila kutaja dhambi iliyoambatana nayo. Baraza lililorudishwa lilipata kibali cha Karl IV kubomoa nyumba za Wayahudi zilizokuwa katikati ya mji ili pawe na soko. Mwezi wa Desemba mwaka huo mamia ya Wayahudi waliuawa. Mahali pa sinagogi lao pakajengwa kanisa la Bikira Maria, ambalo lingali likisimama kando ya soko hilo. Waliorudi baadaye walifukuzwa tena mwaka 1498 kwa ombi la baraza kwa Kaisari Maximilian. Mwanafunzi wa theolojia anayesifu uzuri wa makanisa ya Nürnberg hana budi kujua kiwanja cha mojawapo kilipatikanaje.

Baada ya hapo utawala ulipangwa kwa uangalifu. Baraza Dogo lilikuwa na watu 42. Kati yao 34 walitoka katika koo za waungwana, na 8 waliwakilisha mafundi lakini hawakuwa na uzito mkubwa katika maamuzi. Hata hao 34 hawakuwa sawa. Juu yao walikuwapo Wazee Saba walioshughulikia mambo ya siri, na juu ya hao Saba walikuwapo watunza hazina wawili, ambao mmoja wao alihesabiwa kuwa mtu wa kwanza katika mji. Lilikuwapo pia Baraza Kubwa la watu wapatao mia kadhaa, lakini liliitwa tu pale Baraza Dogo lilipoona inafaa.

Dkt. Christoph Scheurl, mwanasheria wa mji, aliueleza mpango huo mwaka 1516 katika barua ndefu kwa Johann von Staupitz, yule aliyekuwa mlezi wa kiroho wa Luther. Alieleza bila kuficha kwamba watu wa kawaida hawakuwa na uwezo wowote katika utawala. Mwaka 1521 baraza liliweka hata sheria ya ngoma: ziliandikwa koo ambazo watu wake waliruhusiwa kucheza dansi katika ukumbi wa mji, nazo zilikuwa arobaini na chache tu. Msomaji asicheke. Sheria hiyo ya dansi ilikuwa kweli sheria ya ndoa na ya utawala, kwa sababu vijana waliocheza pamoja ndio waliooana, na waliooana ndio waliozaa wajumbe wa baraza.

3. Waungwana na nyumba ya Bwana

Makanisa makuu mawili ya mji, la Mtakatifu Sebald na la Mtakatifu Lorenz, yalikuwa chini ya Askofu wa Bamberg. Lakini koo tawala hazikuridhika kuona mtu wa nje akiwateulia viongozi wa makanisa yao. Katika karne ya 15 baraza lilianza kujipatia, hatua kwa hatua, kutoka kwa Papa na kwa Askofu, haki ya kuwachagua wakuu wa makanisa hayo. Na kabla Luther hajajulikana haki hiyo ilikuwa imekwisha kuwa yake. Tena kila kanisa na kila nyumba ya watawa iliwekewa msimamizi wa mali kutoka katika koo hizo.

Tena walitoa. Ni lazima tuseme hivyo kwa haki. Hans Imhoff aligharimia hifadhi ya Sakramenti katika kanisa la Mtakatifu Lorenz, iliyochongwa kwa mawe na Adam Kraft kati ya 1493 na 1496, ndefu kiasi cha mita 20. Anton Tucher alimwagiza Veit Stoss achonge sanamu kubwa ya Malaika akimsalimu Mariamu, ikatundikwa katika kanisa hilo hilo mwaka 1518. Lakini kila kilichotolewa kilibaki kikikumbusha ukoo wa mtoaji. Ngao zenye alama za koo zilitundikwa ukutani kwa kumbukumbu ya wafu wao, na madirisha ya vioo yalibeba alama hizo hizo. Aliyeingia kusali aliona habari za watakatifu, na kando yao aliona mji ni wa nani.

4. Injili ilipofika

Inafikiriwa mara nyingi kwamba Matengenezo yalianzia kwa watu wa chini yakapanda juu. Nürnberg inatuonya tusiharakishe kusema hivyo. Staupitz alipohubiri huko mwaka 1516 na 1517, waliomzunguka na kuketi naye mezani walikuwa waungwana wenyewe na rafiki zao: Anton Tucher, Hieronymus Ebner, Kaspar Nützel, Hieronymus Holzschuher, Scheurl, mchoraji Albrecht Dürer, na Lazarus Spengler aliyekuwa katibu wa baraza. Nützel ndiye aliyezitafsiri zile Hoja 95 za Luther kwa Kijerumani. Spengler alichapisha utetezi wa mafundisho ya Luther mwaka 1519. Johann Eck alipopewa kazi ya kuitangaza barua ya Papa dhidi ya Luther mwaka 1520, aliongeza humo majina ya Spengler na ya msomi Willibald Pirckheimer.

Hapa ndipo ile haki ya kuteua ilipozaa tunda ambalo walioitafuta hawakulitazamia. Baraza liliwachagua Georg Pessler na Hektor Pömer kuwa wakuu wa makanisa hayo mawili. Pömer alikuwa mtoto wa ukoo wa waungwana aliyesoma Wittenberg. Nao wahubiri wenye mwelekeo huo huo wakapewa mimbari, akiwamo Andreas Osiander katika Mtakatifu Lorenz tangu 1522. Askofu wa Bamberg alipolalamika mwaka 1524 kwa sababu ibada ya Misa ilikuwa imebadilishwa, hakuwa na njia ya kuwaondoa. Mamlaka ambayo koo zilijitafutia kwa heshima yao yalikuwa sasa ngao ya wahubiri wa neema.

Mwezi wa Machi 1525 baraza liliita mjadala wa dini katika ukumbi wa mji. Scheurl aliuongoza, wahubiri wa pande zote mbili wakatakiwa kujibu maswali juu ya mafundisho makuu, na baada yake baraza likauweka mji wote upande wa Injili. Tutambue utaratibu huo. Washarika hawakupiga kura kama walivyofanya raia wa Ulm mwaka 1530. Watawala walisikiliza, wakapima, wakaamua. Na mji ukatii.

5. Matunda mema

Matunda yalikuwapo, tena mengi. Kabla hata ya mjadala huo, mwaka 1522, baraza lilitoa amri mpya ya sadaka kwa maskini: kuombaomba barabarani kukakatazwa, na fedha za kuwasaidia wahitaji zikakusanywa na kugawanywa na watu waliowekwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1526 ilifunguliwa shule ya sekondari ambayo Melanchthon mwenyewe alikuja kuizindua. Mwaka 1529 Nürnberg ilikuwa mmoja wa miji 14 iliyojiunga na wakuu katika pingamizi la Speyer, ambalo kwalo tunaitwa Waprotestanti. Mwaka 1533 ulitolewa utaratibu wa Kanisa wa Brandenburg na Nürnberg, uliofuatwa katika sehemu nyingine nyingi za Ujerumani.

Tena Nürnberg haikuona fujo ya kuvunja sanamu. Mojawapo ya sababu ni kwamba vitu vya makanisani vilikuwa na wenyewe, na wenyewe waliketi barazani. Kazi za Kraft na Stoss zingalipo katika Mtakatifu Lorenz mpaka leo.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tumeguswa na mkondo huo. Mji mdogo wa Hersbruck ulichukuliwa na Nürnberg mwaka 1504, hivyo ukapata mafundisho ya Matengenezo pamoja na mabwana zake. Kutoka Hersbruck, katika miaka ya 1880, chama cha misioni cha Walutheri kilituma wamisionari kwa Wakamba wa Kenya, na kazi hiyo ikakabidhiwa baadaye kwa Misioni ya Leipzig, ile iliyokuja Kilimanjaro mwaka 1893.

6. Bei iliyolipwa

Lakini aliyeifungulia Injili mlango alitaka pia kushika ufunguo. Mambo matatu yanatosha kulionyesha hilo.

La kwanza ni habari ya watawa wa Mtakatifu Klara. Mama mkuu wao alikuwa Caritas Pirckheimer, dada yake Willibald, mwanamke mwenye elimu kubwa. Baraza liliwaondolea mapadre wao na kuwawekea wahubiri ambao hawakuwataka. Mwezi wa Juni 1525 wake za waungwana walifika kuwachukua binti zao watatu, wa koo za Tetzel, Ebner na Nützel. Wasichana hao walilia na kukataa, kama Caritas alivyoandika katika kumbukumbu zake, wakatolewa kwa nguvu. Baba wa mmoja wao ni Kaspar Nützel, yule yule aliyezitafsiri zile Hoja 95, naye ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba hiyo. Mwezi wa Novemba Melanchthon alifika, akazungumza na Caritas, akaona kwamba hawakukubaliana katika jambo la nadhiri tu, wala hakupendezwa na matumizi ya nguvu. Kwa ushauri wake watawa waliachwa wakae mpaka kufa kwao, ila wasipokee wapya. Mtu anaweza kuupokea uhuru wa Mkristo kwa moyo wake wote, akaufasiri hata kwa lugha ya mama yake, kisha asimpe binti yake uhuru huo. Mazoea ya ukoo ni yenye nguvu kuliko tunavyodhani.

La pili ni habari ya wanyonge waliotaka kusema. Mwezi wa Januari 1525 wachoraji vijana watatu, na Hans Denck aliyekuwa mkuu wa shule ya Mtakatifu Sebald, walifukuzwa mjini kwa ajili ya maneno yao juu ya imani. Hans Sachs, fundi viatu na mtunga mashairi aliyemwimbia Luther sifa mwaka 1523, alitoa pamoja na Osiander mwaka 1527 kitabu dhidi ya upapa. Baraza lilikikamata, likamwamuru Sachs ashike kazi yake ya viatu aache kuandika vitabu. Ukuhani wa waumini wote ulihubiriwa mimbarani, lakini mshona viatu aliambiwa mahali pake ni wapi.

La tatu lahusu nidhamu ya Kanisa. Osiander alitaka watumishi wa Neno wawe na uwezo wa kuwahoji watu kabla ya Meza ya Bwana na kuwazuia waishio katika dhambi ya wazi. Baraza halikukubali. Liliogopa kurudishwa kwa utawala wa mapadre, na hofu hiyo haikuwa bure, maana Kanisa la zamani lilikuwa limetumia adhabu ya kutengwa hata kwa kudai madeni. Luther mwenyewe katika Makala ya Schmalkalden alitofautisha adhabu ya kiserikali, isiyo ya watumishi wa Kanisa, na ile ya Kikristo ya kumzuia mwenye dhambi ya wazi asishiriki Sakramenti. Lakini Nürnberg hata hiyo ya pili ilibaki chini ya jicho la baraza. Basi tuulize: dhambi ilipokuwa ya mmoja wa hao wajumbe, nani angemwonya?

Mwisho wa mambo ulionekana mwaka 1548. Kaisari Karl V, baada ya kuwashinda wakuu wa Kiprotestanti, alidai utaratibu wake wa muda wa ibada upokewe. Baraza, ambalo siku zote lilimwogopa Kaisari na halikujiunga na Shirikisho la Schmalkalden, lilikubali. Osiander aliona hawezi kubaki, akaondoka baada ya miaka 26 ya huduma. Koo zilibaki. Zilitawala mpaka mwaka 1806, Nürnberg ulipotiwa katika ufalme wa Bavaria.

Hitimisho

Tunajifunza nini? Kwanza, tusiwadharau waungwana hao kana kwamba imani yao ilikuwa hila ya siasa. Spengler, Ebner na wenzao waliihatarisha amani yao na mji wao kwa kuweka jina la Nürnberg chini ya Ungamo mbele ya Kaisari. Mungu hutumia pia mikono yenye pete za dhahabu.

Pili, tusisahau kwamba Luther alifundisha mambo mawili. Mwaka 1520 aliwaita watawala Wakristo walisaidie Kanisa. Na mwaka 1523 aliwaandikia watu wa Leisnig kwamba jumuiya ya Kikristo ina haki ya kuyapima mafundisho yote, na ya kuwaita na kuwaondoa walimu wake. Nürnberg ililitii fundisho la kwanza, la pili likawekwa kando. Palipo na moja bila lingine, Kanisa hulemaa mguu mmoja.

Tatu, hatari hiyo haikuisha mwaka 1806. Kila usharika una koo zake: walioleta mabati ya kwanza, waliotoa kiwanja, wenye jina lililochongwa kwenye jiwe la msingi, wenye watoto mjini wanaotuma fedha za harambee. Wengi wao wanampenda Bwana kweli, na bila wao kazi nyingi zingesimama. Lakini mtume Yakobo alikwisha kulionya Kanisa juu ya kiti kizuri anachopewa mwenye mavazi mazuri (Yakobo 2:1-7). Mchungaji asiyeweza kumwonya mzee wa kanisa tajiri kwa faragha na kwa upendo, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyemjengea nyumba anayokaa, amekwisha kuwa mtumishi wa ukoo. Hapaswi kungoja siku ya ugomvi ndipo atafute uhuru wake. Autafute mapema, katika utaratibu wa wazi wa kuwachagua wazee, katika hesabu za fedha zinazosomwa mbele ya washarika wote, na katika nidhamu isiyotazama uso wa mtu. Mambo hayo matatu ndiyo wahubiri wa Nürnberg hawakupewa na baraza lao, pamoja na mema yote waliyopewa.